Indiketa za Pikipiki Kuukuu: Anza na Betri, Malizia na Flasha

Ukikata kona ya kulia, unaikata njia ya magari yanayokuja na ya yale yanayotaka kukupita kwa nyuma. Madereva hao hawana njia ya kujua nia yako isipokuwa indiketa. Ikiwa hafifu, au ikiwaka tu bila kupepesa, aliye nyuma anaweza kudhani unaenda moja kwa moja, naye akaanza kukupita wakati ule ule unapogeuka.

Tatizo hili huzisumbua sana pikipiki za zamani. Wenye pikipiki wengi hukimbilia dukani kununua flasha, yaani kile kidude kinachowasha na kuzima indiketa. Somo hili linaonyesha kwa nini flasha inafaa kukaguliwa mwisho.

Flasha hufanyaje kazi?

Ndani ya flasha nyingi za zamani mna kibamba cha chuma. Umeme unaoelekea kwenye balbu hukipasha joto, kikajipinda na kuukata umeme. Kikipoa hurudi mahali pake na taa kuwaka tena. Kwa hiyo flasha hutegemea kiasi cha umeme kinachopita. Ukiwa mdogo, kibamba hakipati joto la kutosha na taa hubaki zikiwaka tu. Indiketa nzima hupepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Hesabu kwa sekunde 30: unatarajia kati ya 30 na 60.

Jua pikipiki yako ni ya volti ngapi

Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na ambayo injini za boda boda nyingi za leo zimeiga muundo wake, mwanzoni ilitumia volti 6. Za baadaye zikawa za volti 12. Balbu mbili za wati 10 huhitaji takriban ampea 3.3 kwenye volti 6, lakini 1.7 tu kwenye volti 12. Kiungo chenye kutu kikipoteza volti 1, pikipiki ya volti 6 imepoteza sehemu moja ya sita ya volti zake. Ndiyo maana hizi husumbuliwa zaidi na kutu. Betri, balbu na flasha lazima ziwe za volti moja.

Kagua kwa mpangilio huu

1. Betri. Washa injini, weka indiketa, kisha ongeza mafuta kidogo. Zikipepesa vizuri injini ikikimbia na kukwama ikiwa sailensa, shuku betri au chaji. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6 kwenye mita.

2. Balbu. Soma maandishi kwenye kitako cha kila moja. Wati zilingane mbele na nyuma, na zifuate kipimo cha pikipiki. Balbu moja ikiungua, mara nyingi iliyobaki huwaka bila kupepesa.

3. Ethi. Umeme hurudi kwenye betri kupitia fremu. Kutu au rangi mpya iliyopakwa chini ya mguu wa indiketa huuzuia. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kisha kaza. Kujaribu haraka, unganisha waya kutoka kwenye kitako cha balbu hadi ncha hasi ya betri. Taa ikiongeza mwanga, tatizo ni ethi.

4. Viungo na swichi. Safisha viunganishi vyenye ukungu wa kijani. Waya uliosokotwa na kufungwa kwa karatasi ya nailoni ubadilishwe.

5. Flasha. Chomoa waya zake mbili na uziunganishe pamoja kwa muda, indiketa ikiwa imewekwa. Taa zikiwaka kwa mwanga kamili, waya na balbu ni sawa. Sasa nunua flasha. Ya elektroniki huwa na alama B upande wa betri na L upande wa taa. Ukigeuza, haitafanya kazi.

Ukiweka balbu za LED

LED hutumia umeme kidogo mno kwa flasha ya zamani, hivyo huwaka bila kupepesa. Tumia flasha ya elektroniki iliyotengenezewa LED. Baadhi ya pikipiki zina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi kwa pande zote mbili. Hapo umeme hupenya kupitia taa hiyo hadi upande wa pili, na indiketa zote nne zikapepesa pamoja. Mwambie fundi akutenganishie pande hizo kwa daiodi mbili. Indiketa zote nne zikiwaka, hakuna anayejua unageukia wapi.

Kabla ya kuondoka

Mwombe mtu asimame nyuma ya pikipiki mchana, jua likiwa limewaka, akuambie kama anaziona wazi. Ikiwa bado hazijatengenezwa, punguza mwendo mapema, tazama nyuma, na nyoosha mkono wa kulia usawa wa bega kabla ya kugeuka kulia. Usiku mkono hauonekani vizuri. Pikipiki isiyo na indiketa ibaki nyumbani hadi itengenezwe.