SOMO: KUMTAYARISHA KIJANA KWA MAHOJIANO YA KAZI YA DATA

Katika vikundi tunavyotembelea siku hizi, mara nyingi tunakuta kijana mmoja au wawili waliosoma mambo ya kompyuta. Wengine wamemaliza chuo, wengine wamejifunza kwa simu. Wanaomba kazi ya kuchanganua data, na siku moja wanaitwa mahojiano. Kikundi kinachanga nauli, mama anapiga shati pasi, kijana anapanda matatu. Jioni anarudi kimya.

Kijana mmoja alituambia kilichompata. Usiku kucha alikuwa amekariri majibu. Alipowekewa namba chache mezani na kuulizwa, "Hizi zinakuambia nini?", alipiga hesabu mbio akajibu. Hesabu ilikuwa sawa, lakini jibu halikuwa na maana. Hakuuliza namba zile zimetoka wapi.

Basi tumeandika somo hili kwa vijana, na kwenu nyinyi wazazi na wanakikundi pia. Kitabu cha kufanyia mazoezi mnacho tayari. Ni daftari la kikundi.

Kazi yenyewe ni gani?

Data ni habari zilizowekwa: nani ameweka hisa, nani amekopa, lini, na kiasi gani. Mchanganuzi wa data huzikusanya, huzisafisha, huzihesabu, kisha humweleza mwenye kazi zinaonyesha nini. Mwanasayansi wa data huenda mbele kidogo. Yeye huifundisha kompyuta kukisia yajayo kutokana na yaliyopita, kwa mfano mkopo gani huenda usilipwe. Katika mahojiano, wote wawili huanza na maswali yanayofanana.

1. Swali la wastani

Tuseme wanachama saba wa kikundi cha maziwa walipeleka lita hizi siku moja: 4, 5, 5, 6, 6, 7 na 37. Jumla ni 70. Ukigawa kwa 7 unapata wastani wa lita 10. Lakini tazameni tena: kati ya wale saba, ni mmoja tu aliyefikisha 10! Ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, namba ya katikati ni 6, na hiyo ndiyo inayofanana na hali ya wengi.

Sasa, ile 37 tuifanyeje? Wengi husema, "Nitaifuta." Wacha tusiharakishe. Labda mwenyewe ana ng'ombe wa gredi kadhaa, na namba ni ya kweli. Labda karani alisahau nukta, na ilikuwa 3.7. Kama ni 3.7, wastani unashuka hadi lita 5 na kidogo. Jibu zuri ni hili: "Kwanza nitamuuliza aliyeandika."

Hilo si jambo jipya. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi katika mtaa wa Soho, London. Daktari John Snow alifuatilia mahali vifo vilipotokea, akaona vingi vimezunguka pampu ya maji ya Broad Street. Lakini mama mmoja alikuwa amefia Hampstead, mbali na pale. Snow hakumfuta. Aliulizia, akaambiwa mama yule alikuwa akiletewa maji ya pampu ile ile kwa sababu aliyapenda. Kifo kilichoonekana kuharibu hesabu ndicho kilichoitia nguvu.

2. Swali la daftari chafu

Mwenye kuhoji anaweza kumpa kijana orodha yenye makosa ili aone kama atayagundua. Makosa ya kutafuta ni haya:
- Mtu mmoja kuandikwa mara mbili kwa majina tofauti.
- Tarehe kama 3/4. Kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini Marekani ni tarehe 4 Machi.
- Nafasi tupu. Mwanachama ambaye hakuandikiwa kitu si sawa na mwanachama aliyeleta sufuri. Huenda alileta na karani hakuwepo.

3. Swali la madaftari mawili

Lugha ya kompyuta inayoulizwa sana ni SQL. Ni lugha ya kuomba habari kutoka madaftari makubwa yaliyo ndani ya kompyuta. Kijana ajizoeze kuchagua, kupanga, kujumlisha kwa makundi, na kuunganisha madaftari mawili.

Hapa pana mtego. Tuseme daftari la wanachama lina watu 20, na daftari la mikopo lina watu 12. Ukiyaunganisha kwa njia iitwayo INNER JOIN, utapata wale 12 peke yao. Wanane wasiokopa wamepotea. Ukitumia LEFT JOIN kuanzia daftari la wanachama, wote 20 watabaki, na wasiokopa wataonyesha nafasi tupu. Tena, aliyekopa mara mbili atatokea mara mbili. Anayehesabu mistari akidhani anahesabu watu, amekwisha kukosea.

4. Kueleza kwa lugha ya nyumbani

Hesabu isiyoeleweka haimsaidii mtu. Kabla ya siku ile, kijana asimame mbele ya kikundi aeleze kazi moja aliyoifanya: swali lilikuwa nini, habari zilitoka wapi, alipata nini, na nini bado hana hakika nacho. Akina mama wasipoelewa, arudie. Wazee wamuulize, "Umejuaje?" Ni heri atokwe na jasho kwenu kuliko kule.

Akiulizwa asilolijua, asibabaishe. Aseme, "Hilo silijui, lakini ningeanza hivi," kisha aeleze njia yake.

5. Mambo ya kuangalia

Asibebe daftari la kikundi lenye majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu. Hizo ni siri za wanachama, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Anakili namba tu, na badala ya majina aandike Mwanachama wa 1, wa 2, na kuendelea.

Tena, mkiambiwa mtume pesa ndipo kijana aitwe mahojiano, msitume. Msije mkauza mbuzi kwa kazi ambayo haipo. Ulizeni kwanza ofisi iko wapi, na nani anaijua.

Kazi ya kikundi

Katika mkutano ujao, fungueni daftari lenu la miezi mitatu. Kijana atafute wastani wa hisa na namba ya katikati. Kisha jadilianeni:
1. Namba hizi mbili zinatofautiana kwa nini?
2. Ni namba gani katika daftari letu hatuna hakika nayo, na tumuulize nani?
3. Nani hayumo kabisa katika daftari, na kwa nini?

Kijana akizoea kuuliza hivi kwenu, hata asipopata kazi mara ya kwanza atakuwa amejifunza kazi yenyewe. Na kikundi kitabaki na daftari safi.