Mungu Hana Mwanzo, Roho Haina Mwisho



Somo letu ni juu ya umilele. Msidhani kwamba umilele ni miaka mingi tu.

1. Viumbe vyote vina mwanzo

Ninyi mkaao Baraka mnaliona Ziwa Tanganyika kila siku. Babu zetu walilikuta, na babu za babu zao vilevile. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa miaka milioni 9 hata 12. Lakini zamani halikuwapo, lina mwanzo. Hata milima ya Itombwe ina mwanzo. Na kama vile mtumbwi haujichongi, hakuna kiumbe kilichojiumba. Yuko aliyeviumba vyote pasipo kutumia kitu: ndiye Mungu.

2. Mungu hana mwanzo

Mtoto aweza kuuliza: “Na Mungu, nani alimwumba?” Msimkemee, maana anatafuta ukweli. Mjibuni: kama Mungu angeumbwa, angekuwa kiumbe kama sisi, tena ingetupasa kumtafuta aliyemwumba. Mungu yupo kwa nafsi yake. Kwake hakuna jana wala kesho. Mvuvi mtumbwini huona pwani kipande kwa kipande. Aliye juu ya mlima huiona yote pamoja. Ndivyo Mungu azionavyo nyakati zote.

3. Roho ya mtu haina mwisho

Roho zetu zina mwanzo, kwa kuwa Mungu ameziumba. Ila hazifi kamwe. Ndiyo sababu mali na starehe hazitutoshi. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste, aliutafuta ukweli miaka mingi, hata akabatizwa mwaka 387 huko Milano.

Tutazame pia kwetu. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi ya Simba, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka. Padri Carrara aliamriwa apande gari. Akakataa, akapiga magoti kando ya maiti ya Bruda. Siku hiyohiyo Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Walijua hatari, wakabaki na waamini. Asiyeujua umilele atasema wamepoteza maisha yao. Kanisa lasema wanaishi: tarehe 18 Agosti 2024 liliwatangaza Wenye Heri mjini Uvira. Tuwaombee pia waliowaua, maana nao wana roho isiyokufa.

Maswali ya kukariri

Swali: Umilele wa Mungu ni nini?
Jibu: Ni kwamba Mungu yupo daima, pasipo mwanzo, pasipo mwisho, pasipo kugeuka.

Swali: Mungu alituumba kwa nini?
Jibu: Ili tumjue, tumpende, tumtumikie hapa duniani, na kukaa naye milele mbinguni.

Jioni hii, kabla ya kulala, kila mmoja ajiulize: Leo nimefanya nini ambacho kitanifaa milele?