Mbegu za Tungule na Hesabu ya Urithi



Katika mkutano wetu uliopita, wanachama kadhaa waliuliza kwa nini mbegu za tungule zilizonunuliwa kwa bei kubwa zilizaa vyema mwaka wa kwanza, kisha zile walizozikamua wenyewe katika matunda yale yale zikawaangusha mwaka wa pili. Sisi nasi tulifikwa na hayo. Mche mmoja ulizaa tungule za mviringo, wa pili za mfano wa yai, na mingi ikanyauka hata kabla ya kutoa maua. Tulipoing'oa, tuliona mizizi imejaa vinundu. Karafuu haizai sana kila mwaka, na mwaka inapokataa ni tungule zinazolipa ada za watoto. Basi yafaa tulisome jambo hili.

Vinundu vile hufanywa na minyoo midogo ya udongoni isiyoonekana kwa macho. Tungule za zamani hazikuwa na kinga nayo. Kinga ilionekana kwa jamaa yake wa mwituni huko Peru, lakini mimea hiyo miwili ikichanganywa, mbegu hufa ikali changa. Mwaka 1944, mtaalamu Paul Smith wa California alieleza jinsi alivyokitoa kiini cha mbegu kabla hakijafa, akakilea ndani ya chupa yenye chakula chake mpaka kikawa mche. Uzao wake ulichanganywa tena na tena na tungule za shamba, na hivyo kinga ikaingia katika mbegu za kuuzwa.

Urithi wa namna hii huchukuliwa na kitu kiitwacho jeni, na kila mmea hupata jeni zake mbili mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mbegu ya chotara mara nyingi imepata kinga upande mmoja tu. Ukiikamua na kuipanda, katika kila miche 4, kwa kadiri, 3 itakuwa na kinga na 1 haitakuwa nayo. Hesabu hii ni ya Mendel, aliyeitoa mwaka 1866 kwa kupanda njegere. Na chotara akiwa na kinga tatu za maradhi matatu, zilizokaa mbalimbali, miche itakayozipata zote ni 27 tu katika 64. Hakuna aliyewaroga, wala si lazima muuzaji awe mwongo.

Mwenye kutaka kukamua mbegu zake na atafute mbegu zilizotulia, kama Tengeru 97 na Tanya, zilizotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 1997. Hizo si chotara, na mtoto hufanana na mzazi. Mwenye kupenda chotara, na anunue upya kila msimu.

Jeni ile ya minyoo, iitwayo Mi, ilitengwa mwaka 1998, na mwaka 2012 jeni zote za tungule, zipatazo 35,000, zilisomwa. Faida yake ni kwamba sasa mtaalamu hukata kipande cha jani la mche mdogo akajua kama kinga imo, asingoje mizizi kuharibika. Wengine wamekwenda mbali zaidi: mwaka 1994 Marekani iliuza tungule iliyobadilishwa jeni ili ichelewe kulainika, lakini biashara yake haikudumu.

Tusisahau kobe. Katika visiwa vya Galapagos iko tungule ya mwituni ambayo mbegu zake zilikuwa ngumu kuota. Mwaka 1961 Charles Rick na mwenzake walieleza kwamba zikipita tumboni mwa kobe huota vizuri. Wenye kwenda Changuu kuwatazama kobe wetu wa Seychelles wasije wakaanza kuwalisha tungule!

Jambo moja la kushika: kinga ya Mi hudhoofika joto la udongo likizidi digrii 28. Kwa hiyo funikeni matuta kwa majani makavu, wala msipande tungule mahali pamoja mfululizo, hata mbegu ikiwa nzuri namna gani.

Mwanachama mwenye miche iliyonyauka aing'oe pamoja na mizizi yake, aifunge katika mfuko, ailete ofisini siku ya mkutano, tuitazame pamoja na Bwana Shamba.