Tangi Jipya Halitaki Samaki Leo

Mdogo wangu mmoja wa Kikwajuni kaniuliza: “Dada, nimenunua tangi la kioo, nikalisugua likang’aa, nikatia maji ya mfereji na samaki wa dhahabu wanane. Siku ya nne wamekufa watano. Mwenye duka anasema nitie dawa, jirani anasema ni jicho. Nifanyeje na hawa waliobaki?”

Pole, mdogo wangu. Jirani mwambie jicho halimo, na hiyo dawa irudishe dukani. Samaki wako wameuawa na uchafu wao wenyewe. Maji yalikuwa meupe pe kwa sababu sumu yenyewe haina rangi.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachobaki kikioza hutoa hiyo hiyo. Katika tangi lililozoea kuna bakteria wa makundi mawili. Wa kwanza, kina Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitraiti, nayo bado ni sumu. Wa pili, kina Nitrospira, huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huistahimili isipozidi. Bakteria hawa hukaa kama ute mwembamba kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe na kwenye kioo. Tangi lako halikuwa nao. Umekaribisha wageni wanane nyumba ambayo choo hakijachimbwa.

Sisi wa Unguja tuna neema na balaa kwa pamoja. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ndiyo maana birika la chai huota ukoko mweupe. Maji magumu kama hayo bakteria wetu huyapenda, kwani madini yale huyatumia katika kazi yao. Joto nalo wanalitaka, na nyuzi 25 hadi 30 tunazo bila ya hita. Balaa ni kwamba joto na pH ya juu ya maji kama hayo huifanya amonia kuwa kali zaidi. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Kwa hiyo kosa dogo la mtu mwenye maji laini, kwako ni msiba.

Kwa hao watatu waliobaki, punguza chakula mpaka kiasi kidogo tu, siku moja ndiyo siku moja siyo. Kila siku toa robo ya maji utie mengine. Pampu ya hewa isizimwe. Ukiwaona wanahema juu ya maji au matamvua yamekuwa mekundu, badilisha nusu siku hiyo hiyo. Dawa za kuua vijidudu usitie, maana zitawaua na hao bakteria unaowatafuta.

Na wewe mwengine ambaye tangi lako bado kavu, sikiliza. Weka maji, washa filta na pampu ya hewa, uyaache usiku na mchana klorini itoke. Maji ya pipa uliyotia dawa wakati wa kipindupindu usiyatumie kabisa. Kisha nenda sokoni Darajani ukanunue kamba mmoja mbichi, asiwe wa chumvi. Kata kipande kidogo, kifunge kwenye kitambaa cha chandarua, kitumbukize. Kikioza ndiyo chakula cha bakteria. Kama una rafiki mwenye tangi la siku nyingi na samaki wake wazima, muombe akukamulie sponji ya filta yake ndani ya tangi lako. Maji yale ya kahawia usiyaonee kinyaa, ndiyo mbegu yenyewe.

Hapo sasa subiri. Kwa kawaida kazi hii huchukua wiki nne hadi sita, na mbegu ya rafiki huifupisha. Ukipata vipimo vya maji, utaona amonia inapanda halafu inashuka, nitraiti inafuata mkondo huo huo, mwisho nitreti inajitokeza. Siku amonia na nitraiti zikisoma sifuri ilhali bado unalisha tangi, toa kamba wako, badilisha nusu ya maji, utie samaki wawili. Wengine wataingia kidogo kidogo, ili bakteria waongezeke kwa kadiri ya kazi.

Ukishafika hapo, usije ukaharibu kwa usafi. Sponji ya filta haioshwi mferejini. Toa maji ya tangi kwenye ndoo, uikamue humo, uirudishe. Na maji yote hayabadilishwi kwa mara moja. Robo kwa wiki inatosha.

Halafu kuna umeme. Waliokuwapo 2008 wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Bakteria hawa wanahitaji hewa. Filta ya kopo ikizimika saa nyingi, ndani yake huoza. Umeme ukikatika, toa sponji uiache ielee tangini, usilishe samaki, na uwe na pampu ndogo ya betri. Ukirudi, suuza kopo kabla ya kuwasha.

La mwisho: samaki wa dhahabu ni mchafuzi mkubwa na hupenda maji ya baridi kuliko yetu. Unguja ina samaki wake mwenyewe, Nothobranchius guentheri, wa vidimbwi vya mvua, ambaye mayai yake hungoja kwenye tope kavu mpaka mvua irudi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamfuga miaka mingi. Usiende kumzoa vidimbwini, lakini ujue kwamba walioumbiwa maji yetu wapo.

Basi wewe wa tangi kavu, wiki hii nunua kamba. Samaki utanunua mwezi ujao.