Nyumba ya Darwin: Jinsi ya Kuzuru Makumbusho na Kujifunza

Wanafunzi wengi huingia makumbusho, wakapiga picha, wakatoka bila la kusimulia. Hebu tutumie nyumba moja kujifunza namna ya kutazama.

Down House iko kijijini Downe, pembezoni mwa jiji la London, Uingereza. Mwanasayansi Charles Darwin alihamia hapo mwaka wa 1842 na kuishi hadi alipofariki mwaka wa 1882. Hapo ndipo alipoandika kitabu chake cha 1859 kuhusu chimbuko la spishi. Ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1929.

Mgeni azingatie mambo matatu:

1. Kiti. Darwin aliweka ubao juu ya mikono ya kiti chake akauandikia. Kazi iliyotikisa dunia haikuhitaji ofisi ya kifahari.

2. Njia. Aliizunguka njia ya bustanini kila siku akiwaza. Alipanga mawe kando yake na kuondoa moja kila mzunguko, ili kuhesabu kusimkatize mawazo.

3. Udongo. Aliweka vyungu vyenye nyungunyungu juu ya piano. Kelele hazikuwashtua, lakini piano ilipopigwa walihisi mtetemo, wakaingia mashimoni. Kitabu chake cha 1881 kilieleza kwamba viumbe hawa huilima ardhi tangu kabla ya jembe. Mkulima anayechoma mabua yote huwanyima chakula vibarua hawa wasiodai mshahara.

Kenya nayo inahusika. Mwaka wa 1871 Darwin alidokeza kuwa huenda mababu wa binadamu waliishi Afrika. Mwaka wa 1984, Mkenya Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, Turkana, mabaki ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.

Chumba cha Darwin kinasomeka leo kwa sababu vitu vyake havikutupwa. Kwetu, madaftari ya mwalimu mstaafu huishia kufungia maandazi, na kiti cha mzee huuzwa kabla ya matanga kwisha. Kabla ya kutupa, uliza: kilikuwa cha nani, na alikitumia kufanya nini? Andika jibu, ukiweke mahali pakavu.

Maswali ya kujadili
(a) Ni kifaa gani nyumbani kwenu kinaeleza kazi ya mzee fulani?
(b) Nani bado anaweza kusimulia habari zake?
(c) Chimba futi moja shambani. Umehesabu nyungunyungu wangapi?