Onyo la Mafuriko Lifike Kitongoji cha Mwisho

Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mwishoni mwa mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuwaathiri wengine zaidi ya 200,000. Baada ya maafa ya namna hiyo huja wafadhili na wataalamu wenye nia njema, na mara nyingi huja na kifaa: programu ya simu, kipimo cha umeme wa jua, king'ora. Ushauri wangu kwa viongozi wa vijiji, vijana wa teknolojia na mashirika yanayotaka kusaidia ni kwamba kifaa kinunuliwe mwisho. Kwanza kijiji kikubaliane nani atahama, lini, kwenda wapi na kwa njia ipi. Kazi ya mfumo wa kidijitali ni kuufikisha uamuzi huo haraka, na uamuzi usipokuwepo hakuna cha kufikisha.

Anzeni kwa kuyajua maji yenu. Rufiji hupanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo watu wa Utete wanaweza kupata habari kutoka Mloka kabla maji hayajawafikia. Bonde la Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam, hujaa kwa saa chache tu, na mvua iliyonyesha juu Pugu inawakuta watu wa chini wamelala. Mto wa kwanza unatosheka na mtu anayesoma kipimo asubuhi na jioni kisha akapiga simu. Wa pili unahitaji kipimo kinachojisomea chenyewe hata usiku wa manane. Waulizeni wazee maji huingilia wapi, kwa sababu mara nyingi hayaji moja kwa moja kutoka mtoni. Hupanda kwenye vijito vya nyuma na kuikata njia ya kutokea wakati mbele ya nyumba bado kukavu. Wako wanaokumbuka mafuriko ya 1968, yaliyotangulia Operesheni Rufiji na watu kuhamishiwa vijiji vya juu. Kumbukumbu zao ziandikwe na kuwekwa kwenye ramani. Huko Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa, wakachora nyumba, mifereji na maeneo yanayofurika kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Kijiji chenye vijana watatu na simu janja mbili kinaweza kufanya vivyo hivyo.

Kisha wekeni alama, na hapa msiharakishe. Simikeni ubao wa kupimia kina cha maji mahali panapofikika, uwe na rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Ni rahisi kuiweka nyekundu pale maji yanapoanza kuingia nyumbani. Hapo watu wameshachelewa. Nyekundu hupimwa kwa njia ya kuhamia. Tafuteni sehemu ya chini kabisa ya njia hiyo, kisha mpimeni mtu anayekwenda polepole kuliko wote, labda bibi mwenye mkongojo au mama mwenye watoto watatu, anachukua muda gani kufika mahali salama. Ikiwa ni saa moja, na maji yenu hupanda sentimita 20 kwa saa, alama nyekundu ikae angalau sentimita 40 chini ya usawa wa njia. Saa moja ni ya kutembea na nyingine ni ya kufunga mlango, kumtafuta mtoto na kubishana. Kumbukeni pia kwamba maji ya kina cha sentimita 15 yanayokwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Njano nayo ina kazi yake. Wengi hawakatai kuhama kwa ujinga. Wanabaki kulinda mpunga, mbuzi na mabati waliyoyatolea jasho la miaka. Kwa hiyo njano iwe siku ya kuhamisha mali na wanyonge: magunia yapelekwe kwenye ghala la juu, mifugo ipelekwe kwenye eneo lililokubaliwa, wagonjwa na wajawazito watangulie. Aliyekwisha kuokoa mpunga wake kwenye njano hatakuwa na cha kumfunga nyekundu itakapofika.

Sasa tuje kwenye mitambo. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kinachofungwa chini ya daraja kikitazama maji, huweza kutuma kina kila baada ya dakika 15 kwa laini ya simu. Ni kifaa kizuri, lakini buibui na nyigu hukipenda, paneli yake huibwa, na salio la laini huisha kimyakimya. Mteueni mtu wa kukisafisha, mlipeni kitu, na kila wiki alinganishe namba inayotumwa na ile inayosomeka kwenye ubao. Laini isajiliwe kwa jina la serikali ya kijiji. Ikisajiliwa kwa alama za vidole za kijana wa mradi, akihama nayo inaondoka. Ubao wa rangi usiondolewe hata siku moja, maana ndio utakaosema ukweli betri ikizima.

Kwa utabiri, tumieni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa siku tano zikiwa na ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Google wana huduma ya bure iitwayo Flood Hub inayokadiria mwenendo wa mito hadi siku saba mbele. Ifungueni, lakini mjue kwamba haifahamu uamuzi uliofanyika bwawani asubuhi ya leo. Vijiji vilivyo chini ya Bwawa la Julius Nyerere viandike barua kwa wasimamizi wa bwawa na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, viombe namba ya mwenyekiti na ya mtendaji wa kijiji ziwe kwenye orodha ya wanaoarifiwa maji yanapofunguliwa.

Ujumbe wenyewe uandikwe mapema, wakati jua linawaka. “Mvua kubwa inatarajiwa, chukueni tahadhari” haumsaidii mtu aliyesimama mlangoni gizani. Linganisheni na huu: “MTONI: Maji yamefika alama nyekundu. Hameni sasa kwenda shule ya msingi kwa njia ya msikitini. Msivuke darajani. Mwenye mgonjwa ampigie mwenyekiti.” Unaenea kwenye ujumbe mfupi mmoja wa herufi 160, na kitochi kinaupokea bila bando. Andaeni mmoja kwa kila kitongoji na kwa kila rangi. Atakayeutuma awe mtu mmoja anayejulikana, na awepo wa pili wa kushika nafasi yake akiwa safarini. Kwenye makundi ya WhatsApp ujumbe wa sauti huwafaa wasiosoma, ila lazima uanze kwa kutaja tarehe na saa, kwani sauti ya mwaka jana ikisambazwa tena huwatoa watu nyumbani bure, na safari ijayo hawatoki.

Simu peke yake haitoshi. Umeme hukatika, mnara huzimika, na wapo wasio na simu. Msikiti una spika, kanisa lina kengele, bodaboda wana honi, balozi wa nyumba kumi ana miguu. Wote wapewe zamu na mitaa yao kwa majina. Budalangi nchini Kenya, Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria, redio ya jamii Bulala FM ilianzishwa kwa ushirikiano na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ili watu wasikie taarifa za mafuriko kwa lugha yao. Redio ndogo ya betri bado ni kifaa cha maana.

Orodha ya wenye mahitaji maalumu itunzwe kwa heshima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata wanakijiji wenye nia njema: muulizeni mhusika, mwelezeni nani ataiona, na msiitume kwenye kundi la WhatsApp. Nakala moja ya karatasi ikae kwa mwenyekiti, ndani ya mfuko wa plastiki. Orodha hiyohiyo itumike mahali pa kuhamia kuhesabu waliofika, maana jina lisilowekewa alama ndilo la kwanza kutafutwa. Kwa uokoaji, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mazoezi yafanyike kabla ya masika na kabla ya vuli, angalau mara moja usiku, simu zikiwa zimezimwa makusudi. Baada ya zoezi ulizeni ni nyumba zipi hazikusikia, na hizo ndizo zipewe balozi wa karibu au spika nyingine.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kama kamati yenu haijakutana, mwombeni mtendaji aiite kabla ya msimu ujao, na ajenda ya kwanza iwe ubao wa rangi tatu na mahali pa kuusimika.