Riwaya ya Likizo Haina Mtihani

Wengi wetu riwaya tulikutana nazo darasani. Tulizisoma tukisaka dhamira, migogoro na falsafa ya mwandishi, na siku tulipomaliza mtihani wa Kiswahili tukaachana nazo. Naamini hiyo ndiyo sababu kubwa watu wazima, wasomaji wazuri kabisa, huenda likizo na simu tu. Mimi likizo yangu huipanga kwa riwaya, na pahala ninapopapenda ni Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, wakati wa kusi, jua lisipokuwa kali.

Anza kwa kuchagua kitabu chenye kisa. Nagona ya Kezilahabi ni kazi kubwa, lakini inadai akili iliyokaza, nawe umekwenda kuilegeza. Kwa mtu aliyeacha kusoma miaka mingi, humpa Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960. Ni nyembamba, kuna mauaji, na kuna Bwana Msa na kiko chake akipekua mambo taratibu huku wengine wakihaha. Ukitaka cha kukaa nacho likizo nzima, chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anaikimbia ndoa ile na kujikuta katika Zanzibar ya siasa za kudai uhuru, kwenye mapenzi na Denge, kijana anayeandamwa na serikali ya kikoloni.

Kurasa za mwanzo zisome safarini. Ndizo zenye majina mapya na watu usiowajua, na boti ya kutoka Dar es Salaam inakupa muda wa kutosha. Ukishuka bandari ya Malindi, mjini Unguja, wahusika umeshawazoea.

Ukifika, saa za kusoma zikabidhi kwa bahari. Jambiani maji yakipwa hukimbia mbali sana, hata kuogelea hakuna. Mchanga unabaki mweupe na madimbwi yake, vigingi vya mwani vinatokeza safu kwa safu, na akina mama wanakwenda kufunga na kuvuna, viroba kichwani. Huo ndio wakati wa kutandika mkeka kivulini na kufungua kitabu. Yakijaa, kifunge ukaoge. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo zamu yako ya kusoma nayo inasogea: leo asubuhi, baada ya siku chache mchana. Napenda sana mpango huu, kwa kuwa hauna saa ya ukutani. Beba vibanio viwili vya nguo vya kubania kurasa, maana upepo wa kusi hauna simile.

Kalamu iache nyumbani. Ukikuta neno usilolijua, lipite. Likirudi mara ya tatu utakuwa umeshalielewa. Mazungumzo yasome kwa sauti ndogo, hasa ya Adam Shafi. Watu wake hutaniana, hubembelezana na kugombana kwa Kiswahili cha mjini Unguja, na utamu wake uko kwenye mdundo, ambao jicho peke yake haliupati. Usingizi ukija, lala. Simu iache chumbani. Ikiwa karibu, hata ikiwa kimya, mkono utaitafuta.

Na kitabu kisipokushika, kiweke chini bila kujilaumu. Ndiyo maana hubeba viwili.

Siku ya kurudi mjini, kabla ya boti, vuka Darajani uingie Ng'ambo, mtaa wa kisa cha Yasmin, kwa miguu. Mtaa umebadilika: majumba marefu ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, Yasmin hakuyajua. Lakini vichochoro bado vipo, na mtu aliyetoka kusoma riwaya ile huvitembea kwa macho mengine kabisa. Filamu ya Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji na iliyotoka mwaka 2021, itazame ukishamaliza kitabu. Ni nzuri, ila Yasmin wa kwanza awe yule uliyemwona mwenyewe ukisoma.

Nunua vitabu mapema, kabla hujasafiri. Ufukweni ni rahisi kupata dafu kuliko riwaya ya Kiswahili.